Viti vitano tu: nani aje kula, nani abaki kwao

Swali lenyewe mnalijua. Linazunguka kila kijiwe cha kahawa na kila kundi la WhatsApp la mji huu wa Dar es Salaam, hasa Ijumaa jioni watu wakiwa kwenye foleni: ukipewa uwezo wa kuwaalika watu maarufu kwa chakula cha usiku nyumbani kwako, ungewaita nani? Majibu nayo tunayajua. Mwalimu Nyerere, lazima. Mandela. Freddie Mercury, kwa kuwa kazaliwa Unguja. Halafu mmoja anamtaja mchezaji mpira, mjadala unahamia Simba na Yanga, na chakula kimeshasahaulika.

Tatizo la orodha za namna hiyo ni kwamba tunachagua picha za kutundika ukutani, si watu wa kula nao. Freddie, kwa mfano, alikuwa mtu wa haya akishateremka jukwaani. Familia yake iliondoka Unguja 1964, na hakuna dalili kwamba alipenda kulizungumzia jambo hilo. Utamkalisha hapo, utamtazama, atakutazama. Mimi kigezo changu ni kimoja: nani ana deni la maneno na nani. Waalike watu wawili ambao kuna jambo halikuisha kati yao, au halikuanza kabisa kwa sababu mmoja aliwahi kufa, kisha wewe pakua wali na unyamaze.

Masharti ni machache. Wageni watano, mwenyeji wa sita. Wote wawe wametangulia mbele ya haki, maana aliye hai unaweza kumtafutia namba. Wawe wameigusa pwani hii kwa namna fulani. Nyumba ni ya kawaida, tuseme Sinza, sebule ambayo makochi yameijaza hadi mlango haufunguki wote, kwa hiyo makochi yatolewe nje na watu wakae mkekani. Chakula ni wali wa nazi, kolekole wa kupaka aliyenunuliwa Feri asubuhi, mchicha, kachumbari na juisi ya ukwaju. Na kwa kuwa tuko pwani, masinia yatakuwa mawili, la wanawake na la wanaume, mkeka mmoja. Jambo hili dogo la masinia litaamua mengi huko mbele.

Mwalimu au Bibi Titi

Hapa wengi watanirushia mawe. Kati ya wawili hawa namwalika Bibi Titi Mohamed, na Mwalimu namwacha.

Si kwamba Mwalimu hafai. Ucheshi anao, bao anacheza, na mtu aliyepata wasaa wa kumtafsiri Shakespeare huku ana nchi mkononi hawezi kukosa la kusimulia. Wenye shida ni wageni wengine. Akiingia Mwalimu kila mtu anageuka mwanafunzi wa Pugu, shule aliyowahi kufundisha: mgongo unanyooka, utani unakatika, na kabla wali haujapoa mtu keshauliza, "Mwalimu, nchi hii ingekuwa mikononi mwako leo ungefanyaje?" Hapo chakula kimekuwa kongamano. Tutatawanyika saa saba za usiku tukiwa na azimio, samaki kabaki.

Bibi Titi ni wa mji huu. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, na kabla siasa hazijamjua, mji ulimjua kwa sauti: alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza alipokuja akauliza wanawake wa TANU, chama kilichodai uhuru, wako wapi, ikabidi watafutwe, na aliyekabidhiwa kazi hiyo akawa yeye. Hakwenda kuwatafuta kwenye ofisi. Alipita kwenye vikundi vya ngoma, akazungumza na akina mama waliokuwa tayari wana viongozi wao, michango yao na utaratibu wao, akawaingiza chamani kwa mafungu. Mtu wa namna hiyo anajua kumshawishi mwenzake wakiwa wamekaa mkeka mmoja, na hicho ndicho kipaji unachokihitaji usiku huu.

Tena ana la kusema. Azimio la Arusha la 1967 lilipowakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, alijiuzulu kwenye Kamati Kuu. Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akatoka 1972 kwa msamaha wa Rais. Rais mwenyewe ni yule yule aliyesimama naye majukwaani tangu enzi za kadi za kwanza za TANU. Leo barabara yenye jina lake inapita Mnazi Mmoja na watu wanaikata kila siku bila kumkumbuka.

Kwa hiyo ukinifuata kwenye kigezo cha deni la maneno, utaniambia basi waite wote wawili, deni ndilo hilo. Kweli, na ni zito kuliko yote yatakayotajwa hapa. Ila ni zito mno kwa mkeka wa watu sita. Wengine wote watageuka mashahidi, watakula wakiangalia chini. Kama una moyo wa kuwapatanisha, waalike hao wawili peke yao, mpike wali mdogo, funga mlango. Kwa usiku wenye wageni watano, mwite Bibi Titi bila Mwalimu, uone atakavyolisimulia jambo hilo kwa uhuru asioweza kuwa nao mwenye kisa cha pili akiwepo.

Siti au Bi Kidude

Ukitaka watu wacheke hadi machozi, chukua Bi Kidude bila kufikiri. Fatuma binti Baraka alifariki 2013, na hadi siku hiyo hapakuwa na mwenye uhakika wa umri wake. Alivuta sigara, alikunywa, alipiga ngoma za unyago, alipanda majukwaa ya Ulaya akiwa bibi kizee na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia. Yeye peke yake ni sherehe. Lakini sherehe ina kawaida ya kuwafunika wengine, na majirani watajaa mlangoni kabla ya maji ya kunawa hayajapita.

Siti binti Saad ni mtu wa sinia. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, akapewa jina Mtumwa, akakua akiuza vyungu. Hakusoma, alivyovijua alivihifadhi kichwani. Mwaka 1928 alipelekwa Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikaingia kwenye nyumba ambazo yeye mwenyewe asingepokelewa sebuleni miaka michache nyuma. Na aliyekuwa anadhani taarabu ni mahaba tu, Siti angemshangaza: aliimba habari za mahakama na dhuluma. Wimbo wake mmoja unamhusu mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kwenda kutembea Unguja akauawa huko, muuaji akatoroka, na sheria ikawageukia wenyeji wake. Sasa fikiria mwanamke aliyetunga hayo amekaa Sinza, ugenini, anakula kwa watu asiowajua. Mwenyeji wa Dar ana wajibu wa kumwandalia vizuri kuliko wote.

Namchukua Siti. Bi Kidude aalikwe siku ya harusi.

Shaaban Robert anaingia kwa mlango wa Siti

Shaaban Robert simlinganishi na mtu, maana nafasi yake imetokana na mgeni aliyemtangulia. Ndiye aliyeandika kitabu cha maisha ya Siti. Lakini Siti alifariki 1950, na kitabu kikachapishwa yeye keshaondoka. Kwa hiyo mwanamke huyu, ambaye hata hivyo asingeweza kukisoma, hajawahi kusikia alivyoandikwa.

Hili ndilo deni ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu halina kisu ndani yake. Mwandishi amekaa sinia la wanaume, mwandikwa sinia la wanawake, hatua mbili kati yao. Siti ataanza mwenyewe: "Nasikia umenitia kitabuni, mwanangu. Hebu nisomee." Na yule bwana, karani wa serikali aliyezoea kuandika kwa adabu na mizani, itambidi asome kwa sauti mbele ya mwenye habari. Atamkatiza. Atamwambia hapo hukusema kweli, hapo umenipamba, hapo umenisahau. Namtazamia mhariri mkali, maana mtu asiyesoma na mwenye kumbukumbu nzuri hakubali neno likae mahali silo.

Ukimlinganisha na waandishi wengine ambao mtu angeweza kuwataja, Shaaban ana sifa moja adimu mezani: hana makuu. Miaka yake mingi ilipita ofisini, kuanzia forodhani, akiandika usiku. Wanaoandika usiku baada ya kazi huwa wasikilizaji wazuri, na hawamalizi kachumbari yote.

Salme, Majid, au Tippu Tip

Kiti cha nne ndicho kilichonisumbua. Mji huu ulianzishwa na Sultan Majid wa Unguja katika miaka ya 1860, na kuna hoja nzuri ya kumwalika mtu aliyeuanzisha: alikufa 1870 majengo yake hayajakamilika, mdogo wake Barghash hakuutaka mji, ukalala mpaka Wajerumani walipokuja. Majid angependa kujua ulivyoishia. Umpandishe mwendokasi Kivukoni hadi Kimara, umwonyeshe. Ni wazo zuri la matembezi ya mchana. Kwa chakula, sultani hajui kukaa kama mgeni, atasubiri kuhudumiwa.

Tippu Tip naye ana wapenzi wake, kwa sababu aliacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili, na msimulizi ni msimulizi. Lakini biashara yake ilikuwa watu na pembe. Siwezi kumkalisha Siti, aliyezaliwa utumwa ukiwa bado halali Unguja na akaitwa jina lile, halafu mkekani humo humo awepo mtu anayejisifia misafara. Huyo hapana, na sioni haja ya kupima zaidi.

Anabaki Salme, binti wa Sultan Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Alijifundisha kuandika kwa siri akiwa mtoto, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Kujua kuandika kukamponza: mwaka 1859, akiwa na miaka kumi na mitano, ndiye aliyekuwa katibu wa njama za Barghash dhidi ya kaka yao Majid. Njama zikafeli. Mwaka 1866 alitoroka kwa meli ya Kiingereza akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, akaolewa naye Aden mwaka uliofuata, akawa Emily Ruete wa Hamburg. Mumewe akafa kwa ajali ya tramu 1870. Aliishi ugenini mpaka 1924, na kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka 1886.

Mtaniuliza: si naye alitoka nyumba yenye watumwa? Ndiyo, tena alikitetea kitu hicho kwa kalamu yake. Ukianza kuchuja karne hizo kwa kipimo hicho peke yake utakula peke yako. Tofauti yake na Tippu Tip ni kwamba Salme aliwahi kukaa upande wa pili wa dunia akiwa mjane asiye na nguvu, mgeni asiyeeleweka, anayehesabu fedha. Ana masikio ya kusikia. Na kumbuka masinia: la wanawake lina Bibi Titi, Siti na Salme. Binti wa sultani na muuza vyungu wa Fumba wanachota wali ule ule kwa mkono. Pale samaki anapokuwa katikati, mkubwa wa sinia ndiye anayemnyofoa na kuwasogezea wenzake minofu. Mwenyeji asimwambie mtu anyofoe. Asubiri aone mkono wa nani utatangulia. Mimi naweka dau kwa Bibi Titi, atakayewagawia wote wawili sawa sawa na kuanza kumhoji binti mfalme kuhusu bei ya kodi Hamburg.

Kiti cha tano: Ibn Battuta au Remmy

Hapa pana foleni, na wengine nawapita haraka. Wanamapinduzi waliowahi kupita Dar ni wengi: Malcolm X alikuja Oktoba 1964 akaonana na Mwalimu, Che Guevara, ambaye jina lake la vita Congo lilikuwa Tatu, alijificha ubalozi wa Cuba hapa mwishoni mwa 1965 hadi mwanzoni mwa 1966 akiandika habari za kushindwa kwao, Walter Rodney alifundisha Chuo Kikuu na kubishana na yeyote aliyejitokeza. Kama wageni wako ni wanafunzi wa Mlimani, chukua Rodney usiangalie nyuma. Kwa mkeka huu, mazungumzo yatahamia Kiingereza na Siti ataachwa nje. Lugha ni jambo ambalo orodha nyingi hazilipimi, na utani ukishapitia kwa mkalimani unafika umepoa.

Kwa hesabu hiyo hata Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, angeanguka, Kiarabu chake tu. Lakini Salme anaweza kumtafsiria, na bwana huyu ana sifa inayomtetea: anakumbuka chakula. Mwaka 1331 alipita pwani yetu hadi Kilwa. Mogadishu alipewa wali uliopikwa kwa samli na kuwekewa juu kuku, nyama, samaki na mboga. Ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Ndimu za achari, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Aliandika kwamba mtu mmoja wa huko anakula sawa na kundi zima la watu kama yeye Ibn Battuta. Kilwa alimkuta sultani mkarimu kiasi kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa, akaingia ndani, akabadili, akampa.

Ila ogopa mgeni anayeandika. Kule Mali, miaka ishirini baadaye, aliambiwa zawadi ya mfalme imefika, akainuka kwa hamu akitegemea mavazi na fedha. Akakuta mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe ya kukaanga na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akacheka, na kicheko chake bado kinasomwa hadi leo. Kwa hiyo kama upishi wako ni wa kuungaunga, chapati tatu za kununua na maharage ya jana, usimwite Ibn Battuta. Aibu yako itadumu miaka mia saba.

Mwanamuziki je? Mbaraka Mwinshehe alikuwa fundi wa gitaa, na kifo chake kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, kilimkuta kijana. Ningempenda kwa ajili ya baada ya chakula. Remmy Ongala nampenda kwa ajili ya chakula chenyewe. Alizaliwa Kongo 1947, akafika Dar 1978, akaimba umaskini, magonjwa na vifo kwa Kiswahili chenye lafudhi yake, na watu wa mji wakamkubali hadi kituo cha daladala kikachukua jina lake. Anayekwenda Sinza kwa Remmy leo pengine hajui kwamba anataja mtu. Ndiye mgeni pekee kati ya hawa aliyehamia akawa mwenyeji, na ni mtu wa kusema: nyimbo zake nusu ni maongezi. Siti aliimba mahakama, Remmy akaimba mnyonge. Kati yao kuna nusu karne, na hawajawahi kuonana.

Kwa hiyo: mpishi hodari amchukue Ibn Battuta, mwenye mdomo na upishi wa wastani amchukue Remmy. Mimi wali wangu hushika chini, namchukua Remmy. Tena kwake ni karibu, hana visingizio vya foleni.

Mpangilio basi uwe hivi. Sinia la wanawake likae upande wa dirisha, Bibi Titi akiwa katikati ya Siti na Salme, asiachwe pembeni maana atainuka kuja kusaidia jikoni. Shaaban akae upande ulio karibu na Siti, mgongo wake usiwe kwa wanawake, vinginevyo kile kitabu atakisoma akiwa amegeuza shingo. Remmy akae mlangoni, kwa sababu ndiye atakayesalimiana na kila mpita njia. Waambie saa moja ili wafike saa mbili. Salme pekee atafika saa moja kamili, Wajerumani wamemharibu, kwa hiyo kahawa na kashata ziwe tayari mapema.

Na Mwalimu akitokea bila mwaliko, jambo ambalo kwa Dar halishangazi, usimrudishe. Msogezee nafasi sinia la wanaume, kando ya Shaaban. Tafsiri yake ya kwanza ya Shakespeare ilitoka 1963, mwaka mmoja baada ya Shaaban kufariki, na Shaaban naye alikuwa keshamtia Omar Khayyam, mshairi wa Uajemi, katika Kiswahili. Watabishana vina na mizani mpaka ukwaju uishe, na Bibi Titi atapata nafasi ya kumaliza kisa chake.